Pua ya Mzee Rwekaza

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sipendi kuchanganyikiwa. Wapo watu wanaoweza kukutana na jambo wasilolielewa, wakanywa chai, wakalala usingizi. Mimi siwezi. Jambo nisilolielewa linaniwasha kama kokoto kwenye kiatu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita hapa Bukoba wanajua vizuri kwamba hasira zangu haziko mbali.

Kila mwaka, tukianza kemia ya kaboni, nawapa swali lile lile: kabla hujaniambia utapata nini, niambie kwanza kipi kimezidi. Chukua methani na klorini. Klorini ikiwa kidogo, karibu kila chembe ya methani inayoguswa inapata klorini moja, na mambo yanaishia hapo. Ukiimwaga bila hesabu, inaendelea kung'oa haidrojeni moja baada ya nyingine mpaka unapata kitu kingine kabisa, chenye jina lingine na sumu nyingine. Vitu ni vile vile viwili na chupa ni ile ile, tofauti ni kiasi tu. Nimeliamini jambo hilo maisha yangu yote ya kazi, na ndilo lililonifanya nisimwelewe baba yangu kwa miezi kadhaa.

Baba yangu ni Mzee Rwekaza wa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, na mimi ni binti yake mkubwa. Mama alishafariki, na mzee alikuwa anaishi kwenye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, pamoja na mdogo wangu wa mwisho, Mutalemwa. Kijijini hawamjui Taata, ndivyo tunavyomwita baba, kwa ukubwa wa kibanja wala kwa wingi wa kahawa. Wanamjua kwa pua. Tunapotaka kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndizi zinavundikwa kwanza kwenye shimo lililopashwa moto, zinafunikwa majani na udongo, zinaachwa ziive. Ukifunua mapema, joto linatoka na zilizo mbichi hazirudi tena kuiva sawasawa, ukizikanyaga hazitoi maji. Ukichelewa, zimeoza. Wengine wanahesabu siku. Taata alikuwa na namna yake: anaacha tundu dogo ubavuni mwa shimo, analiziba kwa jani la mgomba lililokunjwa. Siku ikikaribia anapiga magoti, anachomoa jani, anaweka pua pale, anafumba macho. Kisha anasema "tayari" au "bado." Basi. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuwahi kukosea.

Mwaka jana alipata mafua makali yaliyomlaza kitandani, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Hakumwambia mtu. Jirani yetu Kahangwa alipomwita kwenye shimo la sherehe ya Komunio ya mtoto wake, Taata alipiga magoti kama kawaida, akafumba macho, akasema tayari. Wakafunua. Ndizi zilikuwa za kijani kama siku zilipokatwa. Kwenye sherehe ile watu walikunywa soda. Hakuna aliyemtukana mzee, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Baada ya hapo watu wakaanza kumwita Onesphory, ambaye anafunua pembeni mwa shimo, anaingiza mkono na kubonyeza ndizi.

"Anabonyeza kama mtu anayenunua parachichi sokoni," Taata alisema. Kisha akaacha kabisa kwenda kwenye mashimo ya watu, na Mutalemwa akanipigia simu kwamba siku hizi mzee hata kibanjani haingii, anakaa tu mlangoni.

Sasa Mutalemwa mwenyewe alikuwa anaoa. Alikuwa amepata kazi ya kupokea mizigo bandarini Kemondo, na baada ya harusi angehamia huko na mkewe, Adventina. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Na Taata, mbele ya wazee wa ukoo, akasema kwa sauti ndogo, "Shimo la harusi mwiteni Onesphory alifungue. Mimi pua yangu imeniacha."

Niliposikia hayo nililia, nikiwa jikoni kwangu Hamugembe, hapa Bukoba, huku maharage yanaungua. Baba kuitiwa mtu mwingine afungue shimo la harusi ya mwanawe wa mwisho! Nikaapa kwamba pua ile itarudi kabla ya Pasaka kuisha, itake isitake.

Daktari niliyemuuliza hapa mjini aliniambia kwamba pua iliyopotea kwa ugonjwa wakati mwingine inafundishika. Mgonjwa anusishwe harufu kali anayoijua, mara kwa mara, bila kuchoka, na asitegemee miujiza. Nilishika yale maneno ya kwanza nikayaacha ya mwisho. Harufu kali anayoijua Taata ni ipi kama si ndizi mbivu? Na harufu ya ndizi mbivu mimi naweza kuitengeneza kwa mikono yangu.

Si uchawi, kila mwalimu wa kemia anaijua. Unachukua asidi ya siki na alkoholi yenye kaboni tano, unadondoshea asidi ya salfuri kidogo ya kuharakisha, unapasha kwenye maji ya moto. Vile viwili vinaungana, vinatoa maji, na kinachozaliwa kinaitwa esta. Harufu yake ni ndizi tupu, ndizi kuliko ndizi. Shida ni kwamba muungano huu haufiki mwisho. Wakati baadhi ya chembe zinaungana, nyingine zilizokwisha kuungana zinaachana, na ukiweka vitu viwili kwa idadi sawa, mambo yanasimama huku theluthi hivi ya kila upande ikiwa imebaki kama ilivyokuwa. Ndiyo maana kiasi ni muhimu. Ukizidisha asidi, unailazimisha karibu alkoholi yote igeuke kuwa esta. Ukizidisha alkoholi, ni asidi inayokwisha, lakini unabaki na harufu ya spiriti inayofunika kila kitu.

Alkoholi ile niliiagiza Mwanza, chupa ndogo, ghali. Agnetha, mtunza maabara wetu, alinifungulia mlango Ijumaa jioni na kuniuliza kama nina ruhusa. Nilimwangalia. Hakuuliza tena.

Jumamosi ya kwanza nilipeleka mchanganyiko wa sawa kwa sawa. Nilipanda gari mpaka Muleba, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Nilimkuta Taata mlangoni kama nilivyoambiwa.

"Kasinge, Taata."

"Kasinge, mwana wange. Leo kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuletea dawa ya pua."

Akacheka, lakini akaipokea chupa. Akaiweka puani, akafumba macho, na mimi nikasimama pale nimebana pumzi utadhani nasubiri matokeo ya taifa.

"Kuna kitu," alisema mwisho. "Kwa mbali. Kama ndizi iliyo kwa jirani."

Nilimrukia nikamkumbatia. Siku ile nilimpikia, tukala, nikamwambia nitarudi Jumamosi ijayo na kitu chenye nguvu zaidi.

Ijumaa iliyofuata nilizidisha asidi mara nyingi, nikapasha kwa muda mrefu, kisha nikaosha kwa magadi ili siki iliyobaki iondoke. Nilipata esta safi sana. Agnetha aliingia maabara akauliza ni nani aliyeleta ndizi mbivu. Nilisafiri nayo kwa furaha tupu.

Taata alinusa. Akanusa tena. Akatikisa kichwa.

"Leo hapana. Sisikii kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, bojo. Nisikudanganye."

Nilirudi Hamugembe kichwa kinaniuma. Kitu chenye ndizi kidogo anakisikia, chenye ndizi nyingi hakisikii! Nikajiambia labda asidi imebaki na kumziba pua, ingawa nilikuwa nimeiosha. Nikageuza mambo. Wiki iliyofuata nikazidisha alkoholi, nikapata mchanganyiko dhaifu unaonuka spiriti ya jiko, kitu ambacho ningempa mwanafunzi alama mbili. Nikampelekea.

"Aaa!" alisema Taata. "Hii ndiyo. Ndizi imeiva hii, hata nyuki wangekuja."

Hapo nikapata nadharia. Nawaambieni, nadharia ni kitu kitamu. Nilikaa usiku nikajiridhisha kwamba pua ya Taata haisikii esta hata kidogo, inasikia alkoholi iliyobaki, na ubongo wake ndio unaoiita ndizi, kwa sababu maisha yake yote ndizi na pombe vimekwenda pamoja. Ilieleza kila kitu. Sawa kwa sawa, alkoholi inabaki kiasi, anasikia kwa mbali. Asidi ikizidi, alkoholi inakwisha, hasikii. Alkoholi ikizidi, anasikia vizuri. Nilijipongeza.

Kuthibitisha, Jumamosi iliyofuata nikampelekea alkoholi peke yake, bila kitu kingine. Kwa nadharia yangu angeruka kutoka kwenye kiti.

"Hakuna kitu humu," alisema.

"Taata, nusa vizuri!"

"Nimenusa vizuri. Hakuna."

Nilichanganyikiwa mpaka nikakaa chini kwenye majani. Nikaanza upya. Nikampelekea ile ile ya alkoholi nyingi, chupa ile ile aliyoisifu. Safari hii akasema hapana. Nikaipeleka tena, akasema kidogo. Nikaacha asidi bila kuosha, chupa inayotoa machozi, siki tupu. Akasema ndizi, tena ndizi ya kisukari. Ukutani kwangu nilikuwa nimechora jedwali la viwango na majibu, na kadiri nilivyoliangalia ndivyo lilivyozidi kunicheka. Nilimlaumu Agnetha kwamba mizani yake imeharibika. Ikapimwa, ikaonekana nzima, na sikumwomba radhi kwa siku mbili. Nililaumu maji ya moto, nikalaumu muuzaji wa Mwanza, nikalaumu hali ya hewa ya ziwani. Darasani nilifoka kwa mambo madogo.

Na kila Jumamosi nilikuwa Buganguzi. Kunusa kwenyewe kulichukua dakika chache, siku yote iliyobaki sikuwa na la kufanya, basi tulikuwa tunaingia kibanjani. Taata alinionyesha migomba aliyoipanda, akanisimulia shamba la nani lilipakana na la nani, akanibishia habari za siasa mpaka tukapandishiana sauti. Alianza kupogoa kahawa tena. Alianza kunyoa ndevu siku za Jumamosi. Niliyaona hayo yote na nikayahesabu kuwa maendeleo ya pua.

Mwezi wa harusi ulipokaribia, majibu yake yakatulia. Wiki moja alisema anasikia vizuri, na wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo. Mara mbili mfululizo! Sikungoja ya tatu. Nilimpigia simu Mutalemwa, nikampigia shangazi yetu Alistidia, nikasimama kanisani baada ya misa nikamwambia Kahangwa na mkewe: pua ya mzee imerudi, shimo la harusi atalifungua mwenyewe. Mutalemwa akaenda kumwambia Onesphory kwa heshima kwamba hatahitajika. Habari ikazunguka kijiji kizima kabla ya chakula cha mchana. Nilipomwambia Taata nilichofanya, aliangalia mikono yake.

"Umewaambia wote?" aliuliza.

"Wote."

"Haya," alisema.

Nilidhani ni furaha iliyomzidi.

Wiki ya harusi yenyewe nilikuwa na wanafunzi maabara. Msichana mmoja, Dativa, alinijia na matokeo yake: anapima kitu kwenye maji ya mto, na amekipata, na amefurahi. Nikamuuliza kama amepima na maji matupu, yasiyo na kitu, ili ajue kifaa chake hakisemi tu ndiyo kwa kila anachokiona. Hakuwa amepima. Nikamfokea. Nikamwambia kipimo ambacho hakijajaribiwa kwa maji matupu si kipimo, ni mazungumzo. Nikamwambia mtoto wa kidato cha kwanza anajua hilo. Nilikuwa bado nafoka nilipojisikia mwenyewe. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Dativa akadhani sijamaliza, akasimama pale kwa adabu akisubiri, mimi nikavuta stuli nikakaa.

Alhamisi asubuhi na mapema nilifika Buganguzi na chupa ile ile, kizibo kile kile. Ndizi zilikuwa shimoni tangu mwanzo wa wiki, na wanaume walitarajiwa baada ya chai. Taata alikuwa amevaa kanzu safi. Alionekana hajalala.

"Tunuse mara ya mwisho," nilimwambia. "Kupasha misuli."

Alichukua chupa, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Uso wake ukafunguka taratibu, kwa ustadi, na tabasamu likaja.

"Leo imekuja kuliko siku zote," alisema. "Ndizi mbivu. Tamu."

"Taata, ni maji."

Hakufumbua macho.

"Maji ya wapi?" aliuliza.

"Ya bomba. Ya Hamugembe."

Akafumbua macho, akaziba chupa vizuri, akanirudishia. Sikuwahi kumwona baba yangu amekosa mahali pa kutazama. Mimi hasira zilinipanda, na nilizisema zote. Nilimwambia nimepoteza miezi. Nilimwambia nimemtukana mtu wa watu Agnetha kwa sababu yake. Nilimwambia nimechora jedwali. Nikamuuliza tangu lini ananidanganya.

"Tangu mwanzo, mwana wange. Sijasikia chochote. Hata ile ya kwanza."

"Kwa nini?"

Alipangusa kanzu magotini ingawa haikuwa na vumbi.

"Kabla ya ugonjwa ulikuwa unakuja lini?"

"Krismasi," nilisema. "Na Pasaka."

"Pasaka ya mwaka jana hukuja."

Ni kweli. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

"Jumamosi ile ya kwanza nilikuonea huruma," alisema. "Umetoka mbali na kichupa chako. Nikasema nasikia kwa mbali, ili usirudi mnyonge. Ukafurahi sana, ukasema utakuja tena wiki ijayo. Nikawaza usiku ule. Nikisema nimepona, atarudi kwenye shule yake. Nikisema sisikii kabisa, atakata tamaa, hatakuja vile vile. Basi nikawa nakupa kidogo, nakunyima kidogo. Nikiona umechoka, nakuongezea. Nikiona umeridhika sana, napunguza. Na Mutalemwa anaondoka. Nikawaza baada ya harusi nitabaki na nani, nikaanza kuzidisha ndiyo zangu, nikakosea hesabu. Wewe ukaenda kutangaza."

Nilitamani kuendelea kukasirika, kwa kuwa hasira naijua na ningejua la kufanya nayo. Sikuweza. Miezi yote ile nilikuwa natafuta uwiano kwenye chupa, na mzee huyu, ambaye hajawahi kuona mizani ya maabara, alikuwa amenipima mimi. Nililia, na yeye akakaa ananitazama bila kujua aweke wapi mikono.

Kisha tukasikia sauti za wanaume barabarani, na tukakumbuka shimo.

"Watanicheka," alisema Taata. "Mara ya kwanza walinyamaza. Mara ya pili watacheka, na Mutalemwa atakuwa pale."

"Hawatacheka," nilisema. "Mimi nina pua. Nitasimama karibu yako. Ukichomoa jani, nami nitasikia. Zikiwa zimeiva nitakohoa mara moja. Zikiwa bado nitanyamaza."

Alinitazama. "Huo nao ni uongo."

"Ni wa mwisho," nilisema.

Katika ukoo wetu wanawake hawasogei shimoni wakati wa kufungua, lakini mimi ndiye mtoto mkubwa na nina sauti, kwa hiyo walinivumilia. Walikuwepo Kahangwa, Mutalemwa na rafiki zake wa bandarini, wajomba, na nyuma kabisa Onesphory, mikono mgongoni, ametulia. Mtumbwi wa kukanyagia ndizi ulikuwa umeoshwa, majani ya kukamulia yamekatwa, mtama umekaangwa unasubiri. Kama mzee angesema tayari na zikawa mbichi, harusi ya kesho kutwa isingekuwa na rubisi, tena mbele ya ukoo wa bibi harusi.

Taata alipiga magoti polepole. Akachomoa jani. Akaweka pua kwenye tundu, akafumba macho, na watu wote wakanyamaza, hata watoto wa jirani. Mimi niliinama kama mtu anayemshikia baba yake bega. Nikavuta pumzi.

Ndizi. Niliisikia ndizi mara moja, kali, tamu, na kikohozi kikanifika kooni. Kisha nikasita. Nikageuza uso upande, kwenye hewa ya kibanja, nikavuta tena. Ndizi. Nikanusa kitambaa changu cha kichwa. Ndizi. Vidole vyangu, ndizi. Nilikuwa nimeishi ndani ya ile esta miezi mitatu, imeingia kwenye nguo, kwenye mkoba, kwenye nywele, na pua yangu ilikuwa imeshiba mpaka haiwezi tena kutofautisha shimo na mtu. Nikainama tena kwenye tundu. Ilikuwa harufu ile ile, au nyingine, au kidogo zaidi. Sikujua. Nilihisi bega la Taata likikakamaa chini ya mkono wangu. Alikuwa anasubiri nikohoe, au nisikohoe, na ukimya wangu nao ulikuwa jibu, na lingeweza kuwa jibu la uongo.

"Vipi, mzee?" Kahangwa aliuliza.

Nilitafuta kitu cha kushika kichwani mwangu, kiwango, kanuni, chochote. Hapakuwa na kitu. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kusema neno hilo mbele ya watu zaidi ya mmoja, ukalisema kwa sauti.

"Taata, sijui."

Watu walinigeukia. Mzee alibaki amepiga magoti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka mkono ardhini.

"Hata mimi sijui," aliwaambia. "Jamani, pua yangu ilikufa mwaka jana na haijarudi. Binti yangu hakusema uongo, mimi ndiye niliyemdanganya. Onesphory, njoo, waitu. Njoo ubonyeze."

Hakuna aliyecheka, na sasa ukimya wao haukuwa ule wa kwanza. Mutalemwa alikuja akamwinua baba yake kwa mikono miwili na hakumwachia. Onesphory alikunja mkono wa shati, akafukua kidogo pembeni, akaingiza mkono, akabonyeza, akafikiri, akafunika tena upesi.

"Bado," alisema. "Kesho asubuhi."

Ilikuwa kesho asubuhi kweli. Taata alikuwa wa kwanza kukanyaga, kanzu imepandishwa magotini, na maji ya ndizi yalitoka mengi. Harusi ilifana. Wakwe walikunywa na kusifu, na Mutalemwa na Adventina waliondoka kwenda Kemondo na magodoro yao juu ya gari.

Jumapili jioni nilifunga mkoba wangu. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Taata alinisindikiza mpaka njiani, tukasimama kumsubiri bodaboda, akaanza kuniambia niwahi kabla ya mvua, na kwamba wanafunzi wangu wananihitaji, na kwamba mitihani imekaribia, na kwamba yeye ana kazi nyingi ya kahawa.

"Taata," nilimkatisha. "Unataka nije Jumamosi?"

Alifungua kinywa. Niliona kabisa lile jibu la nusu likija, lile la kwa mbali, lile la labda kidogo. Akalimeza. Macho yake yalijaa machozi.

"Nataka," alisema. "Kila Jumamosi."